Kikombe cha Saa Sita

Mwanamke tunayepanga naye nyumba moja hapa Same mjini amejifungua majuzi. Jumapili, wakati anambadilisha mtoto nepi, aliniomba nimshikie kikombe cha maziwa aliyojikamulia, nami nikakipokea bila kufikiri. Harufu ilinifikia kabla sijakitazama: utamu mwepesi, kama maji ya muwa yaliyopoa, na nyuma yake joto la ngozi ya mtu. Nilikiweka mezani kwa haraka hata maziwa yakamwagika kidogo. Akacheka, akasema sisi tusio na watoto tuna kinyaa. Sikumbishia. Lakini haikuwa kinyaa.

Kwa miaka saba nilikuwa mtoto pekee wa mama yangu, kijijini kwetu juu milimani, kule ambako mwezi wa kuchimba tangawizi hata nguo za kanisani hunukia tangawizi. Baba alikuwa fundi ujenzi huku mjini. Alipanda Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo siku zilizobaki mama alikuwa wangu. Nililala naye upande wa ukutani. Uji wa ulezi tulikunywa kwenye bakuli moja, yeye upande huu, mimi upande ule, na tonge la mwisho la makande lilikuwa langu bila mjadala. Sikujua kama hiyo ni bahati. Nilidhani ndivyo dunia ilivyopangwa.

Mwanzoni mwa likizo ndefu, nikiwa nimemaliza darasa la kwanza, mama alishuka hospitalini ghafla, akakaa huko karibu wiki mbili. Bibi, mama yake baba, alikuja kukaa nami. Mama aliporudi alikuwa amevimba kifuani kama mtu aliyeficha kuku ndani ya khanga. Alikaa kitandani, akafungua khanga polepole, na hapo katikati ya maziwa yake, ngozi kwa ngozi, kulikuwa na kofia ya sufu, na chini ya kofia uso mdogo uliokunjamana, uso wa mzee aliyeamshwa kwa hasira.

"Mdogo wako huyo, Elisante," mama alisema. "Msalimie."

"Shikamoo," nikasema.

Bibi alicheka hadi akashika mlango. Mama naye alicheka, lakini kwa kujizuia, akiwa ameweka kiganja mgongoni mwa yule mtoto ili asitikisike. Nilikiona kile kiganja. Ndicho kilichokuwa kikishika kichwa changu nikiumwa homa.

Kumbe alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Nesi alikuwa amempa mama maagizo, na maagizo hayo yakaingia nyumbani kwetu kama sheria. Mtoto aamshwe kila baada ya saa mbili, maana bado hakuwa na nguvu ya kulilia njaa. Anyonye kwanza, akichoka amaliziwe kwa kikombe kidogo. Akae kifuani kwa mama ili asipoe. Na kila kitu kiandikwe. Mama alichukua daftari langu jipya la hesabu, lile nililonunuliwa kwa ajili ya darasa la pili, akalichora mistari: saa, ziwa, kikombe, mkojo. Baba alileta saa ya ukutani kutoka mjini, akaipigilia juu ya kitanda.

Bibi hakuipenda ile saa hata kidogo.

"Nimelea saba," alisema, "na sikumwamsha hata mmoja. Mtoto aliyelala ameshiba."

"Mama, huyu akilala amechoka, hajashiba," mama alimjibu kwa upole. "Nesi kaniambia wazi. Tukimwacha, atalala moja kwa moja."

Sikuelewa maana ya kulala moja kwa moja. Nilielewa tu kwamba nyumba nzima sasa ilikuwa inamlinda mtu mmoja asilale, halafu inamlinda asiamke. Akinyonya, tunyamaze asije akashtuka. Akilala, tunyamaze zaidi. Kuku walifukuzwa mlangoni. Watoto wa jirani waliokuja kuniita tukacheze kombolela walitumwa kurudi kwao kwa kidole cha mdomoni. Uji wa ulezi ukawa wa mama peke yake, wenye maziwa na karanga, "ili mtoto apate," na mimi nikapewa sufuria nikwangue. Nililala na bibi, ambaye alikuwa na magoti ya baridi. Nilipotaka kumkumbatia mama nilipaswa kwenda kwa nyuma, mgongoni, kwa sababu mbele palikuwa pameshachukuliwa.

Nilivumilia kwa sababu moja. Siku ya kwanza kabisa nilimsikia mama akimwambia bibi, "Nesi amesema nimrudishe Jumatano." Nikahesabu siku. Niliona ni jambo la haki: hospitali ilikuwa imetuazima mtoto, nasi tungemrudisha. Hata nikaanza kumwonea huruma kidogo. Jumanne nilimpigapiga mguu wake mwembamba nikamwambia asijali, huko kuna watoto wengine. Jumatano mama alimfunga kifuani akashuka naye zahanati. Mimi nilifagia chumba, nikatandika kitanda, nikatoa nguo zangu kwa bibi na kuzirudisha upande wa ukutani.

Saa saba mama alirudi naye.

"Kaongezeka uzito kidogo sana," alimwambia bibi huku akivua viatu. "Amesema nimrudishe tena Jumatano ijayo."

Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya banda la mbuzi, nikalia hadi pua ikaziba. Bibi aliponiuliza nina nini nilisema nimeumwa na siafu.

Wiki ile mama alinipa kazi. Nilikuwa najua kusoma na kuandika, na saa nilikuwa nimejifunza haraka, kwa kutazama namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Bibi hakujua kusoma. Basi mimi nikawa mwandishi wa daftari. Mama akimaliza kunyonyesha alisema, "Andika, Nakundwa. Saa nne, ziwa la kulia, kikombe nusu," nami niliandika huku nimetoa ulimi pembeni ya mdomo. Wakati mwingine mama alizidiwa na usingizi mchana, na bibi ndiye aliyempa mtoto kikombe. Hapo niliandika: Kikombe. Bibi. Mama aliniamini kabisa. Akiamka, kabla hata ya kumtazama mtoto, alitazama daftari.

Sasa, kuna jambo la nywele. Shuleni tulinyolewa, lakini likizoni nywele zilikuwa zimeanza kushikika, na mama aliniahidi tangu zamani kwamba zikifika hapo atanisuka mtindo wa "twende kilioni", mistari yote inaelekea nyuma. Kila siku nilimkumbusha, na kila siku alisema, "Baada ya huyu kula." Lakini baada ya huyu kula palikuwa na kumcheulisha, kumlaza, kufua vitambaa, kukamua, na tayari saa mbili zimekwisha, huyu anakula tena.

Jumamosi moja bibi alikwenda shambani kuchimba tangawizi. Mama alimnyonyesha mtoto saa nne, akakamua maziwa kwenye kikombe kidogo cha bati, akakifunika kwa kisahani na kukiweka juu ya kabati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nalala kidogo," alisema. "Saa sita niamshe. Usisahau, mwanangu. Nikishindwa kuamka na bibi amerudi, mpe yeye hicho kikombe."

Nilikaa kwenye kigoda, nikaitazama saa. Mishale yote miwili ilipokutana juu nilikwenda kumwamsha. Nataka ieleweke hivyo, kwamba nilikwenda. Nilimgusa bega. Hakufungua macho.

"Mtoto analia?" aliuliza.

Mtoto alikuwa kifuani kwake, kimya. Aliyemgusa nilikuwa mimi, na yeye alimuulizia mwingine.

"Hapana," nikasema. "Lala tu."

Nilipanda kwenye kigoda nikashusha kikombe. Sikuwa na njaa. Nilitaka kujua anapewa kitu gani ambacho mimi sipewi. Yalikuwa membamba kuliko maziwa ya mbuzi, na matamu kwa namna iliyonishangaza, kwa sababu nilihisi kama nayajua. Nilikunywa funda moja, halafu la pili, halafu nikamaliza. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote: Saa 6. Kikombe chote. Bibi.

Mama aliamka saa saba imeshapita, ameshtuka. Akatazama daftari, akatazama kikombe kitupu.

"Bibi alirudi?"

"Alirudi, akampa, akaenda tena."

Aliachia pumzi ndefu. "Mungu ambariki mama. Na kimeisha chote!" Akanitazama, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, akatabasamu. "Haya, lete kitana."

Alimlaza mtoto kitandani, akamfunika vizuri, tukatoka barazani kwenye jua. Nilikaa chini katikati ya magoti yake. Siwezi kueleza ile saa ilivyokuwa. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nazi, kitana kilinichora kichwani, na kila alipovuta nywele niliumia na nikafurahi. Aliniuliza habari za shule. Aliniimbia. Saa nane ilipofika alichungulia ndani, akasema, "Kalala vizuri, kala kikombe kizima, tumwongezee muda kidogo." Nami nikasema, "Ndiyo, mama, bado upande huu." Tulikaa hadi karibu saa tisa.

Alipoingia kumwamsha sikusikia kelele. Nilisikia jina tu. "Elisante." Halafu tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu ilikuwa kama anamnong'oneza. Nilichungulia. Mtoto alikuwa amelegea mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Mama alimwekea ziwa mdomoni, mdomo haukushika. Alimkuna nyayo, nyayo hazikujikunja.

Tulikimbia zahanati, mwendo wa nusu saa kwa njia ya mkato kati ya migomba, mama mbele amemkumbatia mtoto, kandambili moja imebaki njiani, mimi nyuma, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Nilipomwona nesi akimchukua mtoto na kufunga pazia nilielewa kulala moja kwa moja ni nini.

Nesi yule alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Baada ya muda alitoka, akasema sukari imeshuka sana na mwili umepoa, wamempa dawa na watamlisha kwa mpira mwembamba kupitia puani.

"Amekula mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa sita," mama alisema. Alikuwa amelibeba daftari. Hata katika mbio zile hakuliacha. "Bibi yake alimpa kikombe. Imeandikwa hapa."

Wakati huo bibi alikuwa ameingia, jirani kamkimbilia shambani. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Kikombe gani?" aliuliza. "Nimetoka asubuhi, sijarudi."

Wote wakanigeukia.

"Nakundwa," mama alisema, "bibi alimpa mtoto maziwa, au hakumpa?"

Nilikuwa nimejificha kwenye khanga ya bibi, uso wangu umefika kifuani kwake. Nikasema, "Alimpa."

Bibi aliinama akanitazama. Alinitazama kwa muda, karibu sana. Nikangoja aseme mtoto huyu mwongo. Badala yake alisema, "Mwacheni mtoto. Hebu mhudumieni mgonjwa kwanza."

Mama alichukua maneno yale kama kukiri. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kumpandishia mkwe sauti, lakini alisema kitu kilichokuwa kibaya zaidi. "Mama, tangu mwanzo hukuzitaka hizi saa. Ungeniambia tu kwamba hutaki kumpa." Bibi akakaa kwenye benchi, akaanza kubandua udongo kwenye kucha, moja baada ya nyingine.

Baba alipofika jioni aliikuta nyumba imegawanyika. Mama alilazwa na mtoto zahanati. Asubuhi ya Jumapili, badala ya kujiandaa kwa ibada, bibi alikuwa anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye kikapu. Atarudi kwake, alimwambia baba. Mkeo akitoka atafutiwe mtu mwingine wa kumsaidia, mtu ambaye ataaminiwa. Baba alitoka nje. Nilibaki mimi na bibi chumbani.

"Yalikuwa matamu?" aliniuliza, bila kugeuka.

Nilifunika mdomo kwa kiganja.

"Jana uliponikumbatia nilisikia harufu mdomoni mwako," alisema. "Nimelea saba. Naijua. Yalikuwa matamu?"

"Kidogo," nikasema.

Alifunga kikapu. "Mimi sitakusemea. Na sitakutetea tena. Baba yako anakwenda zahanati sasa hivi."

Nilimfuata baba hadi zahanati. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, mtoto kifuani, ule mpira umebandikwa shavuni kwa plasta. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, nikitazama sakafu: kwamba bibi hakurudi, kwamba nilikunywa mimi, kwamba niliandika mimi. Baba alinyanyua mkono. Mama akamzuia.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka unisuke."

Machozi yalimtoka mama, yakadondokea kofia ya mtoto, akayafuta hapo kofiani, siyo usoni kwake.

"Ungeniomba," alisema. "Nakundwa, hata hayo maziwa. Ungeniomba, ningekupa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa viboko. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, na hadi leo sijui kama lilikuwa kweli, kama angenipa, lakini alilisema kana kwamba ni kitu kidogo. Akamtuma baba amfuate bibi. Bibi alipoingia, mama alishuka kitandani na mtoto wake kifuani, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Bibi alimwinua kabla magoti hayajatulia. Sikusikia waliyoambiana. Waliongea kwa Chasu, Kipare chetu, kwa sauti za chini, na hawakunitazama.

Nesi ndiye aliyenitazama. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Zahanati ni ndogo. Siku ya tatu, walipomtoa mtoto ule mpira, aliniita.

"Wewe mwandishi. Nenda kanawe mikono kwa sabuni, hadi kwenye viwiko."

Alinikalisha, akanipakatisha mtoto, akanipa kikombe. Alinionyesha jinsi ya kukigusisha kwenye mdomo wa chini bila kumimina. "Usimwagie. Mwache ajitafutie mwenyewe." Nilingoja. Ulimi ukatoka, mdogo, kama wa paka, ukaramba. Kisha tena. Alikuwa amefumbua macho, na alikuwa ananitazama mimi, kwa ule uso wa mzee mwenye hasira, kama mtu anayenikagua.

Tangu siku hiyo kikombe cha saa kumi kilikuwa changu. Mama alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, daftari sikuligusa tena. Saa tisa na nusu nilikuwa nimeshanawa, hata shule zilipofunguliwa. Nilikuwa nasikia watoto wakiniita nje, siendi. Bibi akitaka kunisaidia nilimkunjia uso. Mara moja shangazi alitutembelea, akamchukua mtoto na kikombe bila kuuliza, na mtoto akanywa vizuri tu mikononi mwake. Niliondoka nikakaa nyuma ya banda la mbuzi, na kile kitu kifuani kilikuwa ni kilekile cha zamani, chenye uchungu uleule. Nilikuwa nadhani kimekwisha. Kilikuwa kimehama tu.

Mambo yaliendelea hivyo wiki tano. Alianza kuwa na mashavu. Alianza kulia, kwanza kama mlango mbovu, halafu kama mtu. Siku ya kupimwa ya mwisho mama alirudi kutoka zahanati anaimba.

"Amefika!" alimwambia bibi akiwa bado uani. "Nesi kasema sasa basi, anyonye akitaka mwenyewe, alale akitaka mwenyewe. Ratiba imekwisha!"

Bibi alipiga kigelegele. Akachukua kigoda, akapanda, akaishusha ile saa ukutani kwa mikono yake, na sote tukacheka. Ndiyo siku niliyokuwa nimeiombea tangu mwanzo. Uji ulirudi kwenye bakuli moja. Usiku ule nilikuwa nirudi kulala kwa mama, upande wa ukutani.

Saa kumi nilinawa mikono. Sikuwa na saa ya kutazama, lakini niliijua kwa jua la barazani. Niliosha kikombe kwa maji ya moto, nikaingia nacho chumbani. Mama alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, na mtoto alikuwa ananyonya. Alikuwa ananyonya kwa nguvu, kwa sauti, mkono wake mmoja umeshika kidole cha mama. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilimwita jina. Akaachia ziwa, akageuza kichwa, akanitazama, tone la maziwa likimning'inia kidevuni.

Kisha akarudi kwa mama, akaendelea kunyonya, nami nikabaki nimeshika kikombe kikavu, nikimwonea wivu mama yangu.